Golikipa Niliyemficha Ukutani

Vizibo vya chupa ndivyo vilivyonirudisha huko. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, asubuhi, mjukuu wangu Mwamini akaja akanishikisha simu yake. "Bibi, ona Idi." Idi ni kaka yake mkubwa, nimemlea mwenyewe tangu anatambaa, na sasa iko Kanada, fasi ambayo mto unaganda mpaka motokari inapita juu yake. Sioni haya kumsifu. Katika Kasongo hii nani mwingine ana mjukuu aliye mbali vile, na bado anapiga simu kuuliza kama mguu wa bibi yake umepona? Wanyamaze.

Kwenye ile video Idi amekaa na wenzake wa kazini, wote fulana za rangi moja, wanagombana juu ya wachezaji wa timu ya taifa ya huko. Si mpira wetu. Ni mchezo wa barafu: wanaume wazima wamefunga visu chini ya viatu, fimbo mikononi kama wachunga ng'ombe, wanakimbiza kitu kidogo cheusi kama kifuniko cha kopo. Kesho yake ilikuwa fainali. Na juu ya meza walikuwa wamepanga vizibo vya chupa, kila kizibo mchezaji mmoja, wanavisukuma kwa kidole: huyu amechoka, huyu magoti yamekwisha, huyu mwoga akiona mtu mnene. Kizibo cha golikipa kilikaa nyuma peke yake. Kijana mmoja akakiokota, akakibusu, akakirudisha mahali pake polepole kama yai.

"Idi anauliza," Mwamini akasema, "Bibi unachagua nani?"

Harufu ya mawese ilinipanda puani, na jikoni siku hiyo hapakuwa na mawese hata tone.

Ninyi mliokua pamoja nami mnakumbuka: redio haikuwa kila nyumba. Mtaani kwetu ilikuwa kwa baba yangu. Alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ilikaa barazani, na redio ilikaa juu ya cherehani, imevaa kitambaa chekundu alichoishonea mwenyewe, chenye tundu la sauti na tundu la kila kifungo. Mimi sikuwa na gauni lililoshonwa vizuri namna ile.

Jua likishapungua makali, wanaume walikuja kusikiliza habari za timu ya taifa. Walikuwa wengi, lakini wenye mdomo walikuwa wawili: Papa Kalonda muuza nyama, na Papa Simoni, mwalimu wa shule ya misheni. Baba alitandika mkeka, nami nilileta kopo la kete za kisolo, zile mbegu ngumu wanaume wanazochezea bao. Kete kumi na moja zilikuwa za timu. Hazikuguswa kwa mchezo mwingine. Ile ndefu nyembamba ilikuwa winga wa kushoto. Mbili zilizofanana zilikuwa mabeki. Golikipa alikuwa kete kubwa nyeusi, inang'aa, ina kovu jeupe ubavuni. Mchezaji akicheza vibaya, kete yake ilitolewa nje ya mkeka ikae udongoni, ipigwe baridi, ijifunze.

Na jinsi walivyowasema! Walijua kisigino cha huyu, tumbo la yule, nani analala sana, nani amenenepa tangu aoe. Niliamini hao wachezaji wanakaa karibu, labda Nyangwe, kando ya mto, na kwamba wanaume wetu huwaona wakienda kununua samaki. Nikikutana na kijana mrefu sokoni nilimkagua magoti. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikafahamu kwamba hakuna hata mmoja wa wale wazee aliyewahi kumwona mchezaji hata mmoja. Waliwajua kwa masikio tu.

Kazi yangu ilikuwa kuchunga kopo. Na siku ya mechi, kabla mpira haujaanza, kete zote zilipakwa mawese, moja moja, golikipa wa mwisho. Anayempaka golikipa ndiye anayekaa kwenye kigoda, mkono wa kuume wa baba, redio karibu na sikio, mpaka mwisho. Hiyo ilikuwa desturi ya baraza letu na hapakuwa na mwingine aliyekaa kile kigoda isipokuwa mimi. Nilikuwa na kaka wawili; walisimama nyuma na watu. Baba aliniita "mama", kwa sababu nilibeba jina la mama yake, na alisema mkono wangu ni mwepesi, golikipa akipakwa na mimi hafungwi. Tulipoingia fainali nilijua kwamba kile kigoda ni changu, kama meno yangu yalivyo yangu.

Siku kama tisa kabla ya fainali baba alirudi kutoka Kabambare na mtoto nyuma ya kinga yake, ile baiskeli nyeusi aliyoipenda kuliko watu wengine. Kabambare baba alikuwa na mke mwingine. Hilo mama alilijua, mtaa ulilijua, hata mbuzi wetu walilijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuona mtoto anashuka kwenye kinga ya baba yako, ana paji la uso la baba yako, ni kitu kingine. Jina lake Zaina. Tulizaliwa mwezi mmoja. Watu wakaanza kucheka: "Mapacha wa mama wawili!" Mama hakucheka. Alisema, "Mutoto hana kosa. Mumupe sahani." Kisha akaichukua nguo ya Zaina yenye vumbi la safari, akaifua kwa nguvu ambayo sijaona nguo nyingine ikifuliwa nayo.

Ningeweza kuvumilia sahani. Ningeweza kuvumilia hata mkeka, tulilala mkeka mmoja na alinipiga mateke. Shida ilikuwa Kilingala. Redio ilitangaza mpira kwa Kilingala na kwa Kifaransa. Kifaransa kilikuwa cha Papa Simoni. Kilingala wanaume wetu walikuwa wanabahatisha, wanashika neno hapa, neno pale, yaliyobaki wanayagombania. Mama yake Zaina aliuza mandazi karibu na kambi ya askari, na lugha ya askari wetu ni Kilingala. Zaina alikisema Kilingala kama mate ya kinywa chake.

Siku ya kwanza alikaa nyuma yangu. Redio ikasema, wanaume wakatazamana, na yule mtoto akasema polepole, "Anasema kidole cha golikipa kimepona."

Papa Kalonda akageuka mzima mzima. "Unasema nini, mutoto?"

"Kidole kimepona. Jana alifanya mazoezi. Hana bendeji."

"Munasikia!" Papa Kalonda akapiga paja. "Mi nilisema! Yule mutu ni ukuta!"

"Ulisema wewe?" Papa Simoni akamwuliza. "Juzi ulimtoa nje ya mkeka. Ulisema awekwe yule wa pili."

"Mimi, Kalonda?"

"Wewe, na huo mdomo unaowaambia watu mfupa ni nyama."

Wakacheka, hata baba, na katika kicheko kile baba alinyoosha mkono akamvuta Zaina mbele, akamweka kati ya magoti yake na redio. Pale. Mahali pangu pa kupumulia. Siku zilizofuata sikuitwa tena ila kwa kopo. "Zaina, anasema nini?" "Zaina, beki atacheza?" "Huyu mutoto iko na akili, Fundi, huyu umemuficha wapi siku zote?" Na Zaina, sitamsingizia, hakujivuna. Alisema alichosikia, basi. Hilo liliniuma zaidi. Mtu anayejivuna unaweza kumchukia ukapumzika.

Jioni ya tatu baba alisema, bila hata kunitazama, akiwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano: "Siku ya fainali Zaina ndiye atapaka golikipa."

Nilikuwa nimeshika kopo. Nikawa nalitikisa, kete zikalia ndani, mpaka mama akaniuliza kutoka jikoni kama nina homa.

Kesho yake wote walikuwa shambani kwenye mpunga, mimi nikawatangulia kurudi nikisema tumbo linauma. Nilimtoa golikipa kwenye kopo. Nyuma ya nyumba, ukuta wetu wa udongo ulikuwa na tundu la nyigu. Nikamsukuma humo kwa kidole, nikakanda tope na maji ya mtungi, nikaziba, nikalainisha kwa kiganja. Wakati nalainisha, nilifikiri hivi: nimemfunga. Kule aliko, huyo golikipa sasa hivi amekaa, mikono haisogei, wenzake wanamwita haitiki. Niliogopa, lakini wivu ulikuwa mkubwa kuliko woga. Nchi nzima ifungwe, nikasema moyoni, lakini yeye asimpake.

Jua lilipopungua, Papa Simoni alipanga kete. Alihesabu, akarudia. Akamwaga kopo lote mkekani, akatafuta.

"Fundi. Golikipa hayuko."

Redio ilikuwa kwenye muziki. Kisha baba akanitazama mimi, kwa sababu kopo ni langu. Na mimi, sikusema neno, Mungu ni shahidi. Nilimtazama Zaina tu. Nilimtazama kwa muda wa kutosha. Macho ya baraza lote yakaifuata njia ya macho yangu.

"Sikuchukua," Zaina akasema.

Papa Kalonda alikuwa amesimama. "Mugeni anaingia, golikipa anatoka. Kabla ya fainali! Fundi, mi sisemi mutoto ni mwizi. Nasema ana miguu mibaya. Arudi kwao, ama mimi nitaenda kusikiliza mpira kwa mapadri."

"Kalonda, ni mutoto," Papa Simoni akasema.

"Hata moto ulianza mudogo."

Wengine wakanung'unika upande wa Kalonda. Baba alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakifungua, akakikunja tena. "Sawa," akasema. "Nitamurudisha."

"Umutume na watu wa soko, wanaenda kesho," Papa Kalonda akasema.

"Huyu si furushi," baba akasema. "Nitamurudisha mimi mwenyewe. Siku mbili kwenda, mbili kurudi. Fainali nitaikuta."

Usiniulize kama nilisikia huruma. Nilisikia njaa, nikala sana.

Asubuhi alipofunga safari ndipo jino la kwanza la adhabu liliponiuma. Baba alikivua kitambaa chekundu cha redio, akakikunja mara nne, akakifunga juu ya chuma cha nyuma cha kinga ili Zaina asiumie. Redio ikabaki uchi juu ya cherehani. Akanishika kichwa. "Mama, chunga redio." Zaina akapanda. Hakulia, hakunitazama vibaya. Alishika koti la baba kwa mikono miwili. Wakapita kwenye msikiti, wakapinda, na nilimwona baba amegeuza shingo kidogo, anazungumza naye tayari.

Mvua ilinyesha siku hiyo jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Mvua ya huku mnaijua. Daraja la njia ya Kabambare likabebwa. Siku ya nne baba hakurudi. Siku ya tano, siku ya fainali, nilisimama barabarani mpaka miguu ikazama tope.

Wanaume walikuja, wamevaa vizuri kama wa kwenda harusini. Mahali pa golikipa Papa Kalonda aliweka kipande cha makaa. Nilizipaka kete mawese. Nilipofika kwenye yale makaa, yalikunywa mafuta yote, yakabaki makavu, kama hayajaguswa. Kisha nikakaa kwenye kigoda. Mkono wa kuume wa kiti kitupu.

Mpira ukaanza, na mtangazaji akaanza Kilingala.

Dakika chache hazijapita, Papa Kalonda akauliza, "Anasema nini?" Akamgeukia mwalimu. "Simoni, anasema nini?"

"Leo hakuna Kifaransa. Subiri."

"Nisubiri nini? Wamefunga ama wamefungwa?"

"Mtu aliyefukuza mdomo wetu asiniulize mimi."

Tulisikiliza fainali ya taifa kama watu wanaosikiliza ugomvi wa majirani nyuma ya ukuta. Kelele ikipanda, tunapanda. Ikishuka, tunashikana. Neno moja tu nililijua, jina la golikipa, na kila lilipotajwa kwa ukali niligeuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba. Nilikuwa nangoja ukuta utoe sauti. Nilitaka kukimbia nikamchimbue, lakini nikiinuka kigoda kitabaki wazi, na mmoja wa kaka zangu atakikalia. Nikakaa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Kwamba tumeshinda tuliambiwa na watu waliotoka kambi ya askari ya mjini kwetu wakikimbia, wakipiga masufuria. "Golikipa! Golikipa ameokoa yote!" Papa Kalonda alimbeba Papa Simoni mgongoni. Mama alipiga vigelegele. Mji mzima ulimwagika barabarani. Mimi nilibaki na redio, ninalia, na watu waliopita walisema tazama mtoto wa Fundi anavyoipenda nchi yake.

Baba alirudi siku nyingi baadaye, amebeba kinga begani kwenye sehemu za tope. Nilimkimbilia nimwambie jinsi nilivyochunga redio. Yeye ndiye aliyeanza kusimulia. Wamesikiliza mpira Kabambare, kwenye duka la mtu mmoja, watu wamejaa mpaka mlangoni, na Zaina amesimamishwa juu ya gunia la chumvi anawatafsiria wote. "Mama, hakuna mpira niliowahi kuuona vile," akasema. Kuuona, alisema. "Neno kwa neno. Hata golikipa alivyoanguka, hata vumbi kwenye jezi yake." Kitambaa cha redio hakurudi nacho.

Kete iliyopotea hakuniuliza. Alitafuta mbegu nyingine, tukaendelea. Niliendelea kupaka mawese miaka mingine kadhaa mpaka nilipoanza kuwa mwari nikaitwa jikoni. Kigoda kilikuwa changu muda wote huo. Sikuwahi kukaa juu yake tena bila kuona gunia la chumvi.

Baba alipofariki, Zaina alikuja matangani, mwanamke mzima, mnene kuliko mimi, ana watoto. Tulilia pamoja kama inavyopasa. Siku ya tatu tulikaa nyuma ya nyumba tunapeta mchele, na mgongo wangu ulikuwa kwenye ule ukuta. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Zaina, ile kete niliificha mimi."

"Najua," akasema, akapuliza makapi. "Niliona tope kwenye kucha zako."

"Na hukusema?"

"Niseme ili iweje? Nilikuwa namlilia mama yangu kila usiku, ulikuwa unakoroma tu. Nilitaka kurudi. Na nilijua baba hatanituma na mtu." Akacheka kidogo, kicheko cha baba kabisa. "Wewe ulipata kigoda. Mimi nilipata siku mbili."

Siku mbili. Nilizihesabu pale pale, na ungo mapajani. Mimi, mtoto wake wa nyumbani, sikuwahi kumpata baba siku moja nzima bila wateja, bila kaka zangu, bila Papa Kalonda. Na ni mimi niliyempandisha Zaina kwenye ile kinga. Kwa mikono yangu, na maji ya mtungi.

"Alikuambia nini njiani?" nikauliza.

"Mengi. Alinihesabia wachezaji wote. Aliniimbia. Kwenye milima tulishuka, tukasukuma kinga pamoja, akaniambia habari za utoto wake."

"Habari gani?"

Zaina aligeuza ungo. "Hizo ni zangu," akasema.

Tukachukua kipande cha mti, tukauchimba ule ukuta pamoja. Golikipa alikuwemo, mkavu, kovu lake jeupe ubavuni. Nilimpa Zaina. Akarudi naye Kabambare. Sasa ni mara ngapi nimejuta kumpa, hilo niachieni mwenyewe.

Basi, Mwamini alikuwa bado amesimama na simu yake. "Bibi, Idi anangoja. Unachagua nani?"

"Amemwuliza na bibi yenu wa Kabambare?"

Mtoto akatazama chini. "Alimuuliza jana."

"Jana! Mimi leo, yeye jana. Alichagua nani?"

"Golikipa."

Nikafuta mikono, nikamwambia abonyeze pale pa kurekodi sauti, nikasema karibu na simu ili isikosee: "Idi, mjukuu wangu, mimi ndiye niliyekulea. Golikipa ni wa bibi yako wa Kasongo. Zaina achukue mwingine, wapo wengi, hata yule mwenye magoti mabaya."

Idi, mchokozi, aliirusha sauti yangu Kabambare vilevile ilivyokuwa. Sombe ilikuwa imechemka mara ya kwanza jibu lilipofika. Mwamini alilifungua, na sauti ya dada yangu ikajaa jikoni, nzito, ya mtu aliyezeeka, ina kile kicheko ndani yake.

"Mwambieni dada yangu amufiche tena. Amuzibe vizuri ukutani. Tuone safari hii nani atapanda kinga."

Mwamini alicheka mpaka akakaa. Nami nilicheka. Kisha nikamwambia amjibu Idi: golikipa tumwachie Zaina, na kigoda, na redio na kitambaa chake, vyote achukue. Lakini aniuzie kilima kimoja. Kimoja tu, chochote, pale waliposhuka wakasukuma, aniambie baba alisema nini.

Hajajibu. Simu naiweka karibu na sufuria.